Mashujaa wa Ukutani kwa Katekista

Katika miaka yote niliyomfahamu Katekista wetu wa Kamachumu, sikumsikia hata mara moja akiuliza nani alishinda. Padri alikuwa akimletea ukurasa mpya wa gazeti la Amerika, wenye picha ya wanaume warefu wanaogombea mpira chini ya kikapu na matokeo juu yake kwa herufi kubwa, naye anayafunika matokeo kwa kiganja. "Usiniambie, waitu," alimwambia Padri kwa neno letu la heshima. "Kushinda kunaisha siku ileile. Acha kwanza niwatazame watu." Kisha anausogeza ukurasa mlangoni penye mwanga na kuanza maswali yake. Huyu aliyeanguka, nani amempa mkono? Huyu aliyefunga, mbona anatazama chini? Na yule wa pembeni anacheka nini wakati wenzake wamenuna?

Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la pili katika shule ya misheni, msichana aliyetoka chuoni na Kiingereza chake kipya, na nyumba yangu ilipakana na kibanja chake cha migomba. Nilijiona nimekwisha kuona mengi. Lakini mtu anayependa namna ile nilikuwa sijamwona, na nasema wazi kwamba nilimstaajabia, na hadi leo namstaajabia. Aliwapenda wachezaji wa mpira wa kikapu wa Amerika, wale wanaolipwa, naye hajawahi kuona mchezo wao hata mmoja. Mbali kabisa alikokuwa amefika ni Mwanza, na huko alikwenda kung'olewa jino.

Siku Padri alipomweleza kwamba watu wale hulipwa mshahara kwa kutupa mpira kikapuni, Katekista aliinuka akaenda kusimama mlangoni. Mkewe akadhani amekasirika. Kumbe alikuwa anafurahi. "Basi kuna nchi," akasema, "watu wazima wamekaa kikao wakakubaliana kwamba kuruka ni kazi."

Kurasa zile zilitoka Kanada, nchi ya Padri, kwa dada yake aliyenunua magazeti ya Amerika. Kila kifurushi alichomtumia kaka yake, cha dawa au cha soksi, kilikuwa na kurasa za gazeti zilizokatwa vizuri na kukunjwa. Padri akishazitazama alimpa Katekista, naye akazibandika sebuleni kwa ugali wa muhogo. Ukuta wa kushoto ulikuwa wa watakatifu na wa kulia ulikuwa wa wachezaji. Nilipomuuliza kwa nini asiwachanganye, alisema watakatifu ni watu wapole, wangeachia nafasi yote.

Mkewe alikuwa na lake la kusema. "Niliolewa na mwanamume mmoja mfupi," aliniambia siku moja tukimenya ndizi, "nikaletewa kundi zima la warefu, na hakuna hata mmoja anayekwenda kuchota maji."

Sasa nieleze alivyowapa majina, maana hapo ndipo ilipokuwa kazi yenyewe. Katika misheni yetu mtu hakubatizwa kwa kutaka tu. Alifundishwa miaka, na katika miaka hiyo Katekista alimtazama: anavyomsalimu mama mkwe, anavyogawa nyama, anavyokaa msibani. Wa kwanza kuridhika alikuwa Katekista. Mtu alipewa kwanza medali ya kuvaa shingoni, na baadaye sana, ikiwa ameonekana anafaa, akabatizwa na kupewa jina. Niliwaona matajiri wa kahawa wakirudishwa mwaka hadi mwaka kwa sababu tu Katekista alisema, "Bado. Bado anasema na watumishi vibaya."

Wachezaji nao aliwapitisha njia hiyohiyo. Picha moja haikutosha. Padri alitaka kumsomea majina yao yaliyoandikwa chini, akakataa. Alimtazama mtu kwenye picha ya kwanza, akangoja vifurushi vingine vije, akamtazama tena akiwa ameshinda, akiwa ameshindwa, akiwa anafunga kamba za viatu. Aliyemridhisha kidogo alichorewa duara dogo la penseli shingoni, na hiyo ndiyo medali yake. Aliyemridhisha kabisa alipewa jina la Kihaya.

Ndivyo nilivyomjua Rutashobya, asiyekosea, mwanamume mwenye uso wa huzuni aliyeinamisha macho kila alipofunga. Katekista alisema huyo ana mama mgonjwa. Nilimjua Kashaija, mtu mdogo kati ya majitu, ambaye hakuna picha aliyofunga mdomo. "Anaruka kama senene, na anacheka hata akikanyagwa," Katekista alisema. "Huyo ukimpa siri ataitoa, lakini ukimpa mtoto wako atamrudisha salama." Na nilimjua Mutalemwa, asiyeshindwa, aliyekuwa kipenzi chake.

Mutalemwa alinipa taabu. Katekista alichukia majivuno kuliko ulevi. Kijana akijisifu kwenye mafundisho alitolewa nje akasimama na kuku. Halafu anakuja huyu Mutalemwa, mikono juu, kifua mbele, mdomo wazi, kila picha ni yeye na mbingu. Nikamchokoza. "Tata Katekista, huyu si kiburi chenyewe?"

"Mtazame miguu, mwana wange."

Nikatazama. Kwa kweli magoti yalikuwa yamelegea, na soksi moja ilikuwa imeshuka.

"Amechoka kuliko wote," Katekista alisema. "Anajigamba kwa mikono ili wenzake wasiitazame miguu. Siku atakayoacha kujigamba, wote watakaa chini."

Usiku ule nilimwombea mtu wa Amerika nisiyemjua, apate kupumzika.

Mmoja alimshinda. Tulimwita Mtu wa Viwiko, kwa sababu kila picha aliyokuwamo kiwiko chake kilikuwa ubavuni mwa mtu. Macho madogo, taya kubwa. Miaka ilipita bila kupata hata medali. "Bado," Katekista alisema akitikisa kichwa. "Huyo bado yuko kwenye mafundisho."

Na palikuwa na mmoja ambaye hakupewa jina kwa sababu nyingine kabisa. Huyo alikuwa katikati ya ukuta. Katika kila picha iliyokuja, wenzake wakiwa wanavuja jasho, wanaruka, wanaanguka, yeye alikuwa amekaa. Alikaa kwenye benchi pembeni, koti refu mabegani, taulo jeupe shingoni, mikono magotini, macho kwa wanaocheza. Hakuna picha aliyokosekana. Katekista alimtambua mara moja, na nani kwetu asingemtambua? Nani hukaa ametulia, amevaa joho, wanaume hodari wakihangaika mbele yake? Hata Mfalme wa Waingereza, kwenye picha iliyokuwa ofisini kwa Bwana DC, amekaa.

"Huyu ndiye Omukama wao," Katekista alisema. "Wanacheza mbele yake. Mfalme hapewi jina na mtu kama mimi."

Nami niliamini. Chuoni tulifundishwa Kiingereza, kushona na usafi wa masikio. Hakuna aliyetufundisha habari za benchi. Vijana wa misheni walikuwa na kikapu chao uwanjani, pete ya pipa iliyopigiliwa kwenye nguzo ya mkaratusi, na pale walicheza wote waliofika, hata wakiwa ishirini. Mtu kukaa pembeni akiwa mzima lilikuwa jambo ambalo halijawahi kutokea.

Kuhusu kikapu kile nitasema kidogo tu. Uwanja ulikuwa ukingoni mwa mteremko, na mpira ukikosa pete uliserereka mpaka kwenye migomba ya jirani. Sheria ya Katekista ilikuwa kwamba aliyekosa ndiye anayeufuata. Yeye mwenyewe hakujua kucheza. Alirusha mpira kwa mikono miwili kutoka tumboni, macho amefumba, kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Alikaa pale jioni nzima akitazama vijana wanavyokwenda kuufuata mpira na wanavyorudi. "Kufunga kila mtu hufunga kwa sura moja," aliniambia. "Nenda ukatazame mtu anavyopanda mlima na mpira aliokosa."

Kitu kikubwa, hata hivyo, kilikuwa majigambo. Zamani kwetu mwanamume alisimama mbele ya Omukama, mkuki mkononi, akajigamba: mimi ni fulani, nimefanya hiki na hiki, na sitakukimbia. Huko ndiko kwebuga. Katekista alisema wachezaji wale wako mbali na Omukama wao hasikii Kihaya, kwa hiyo lazima awepo wa kuwasemea. Siku za sikukuu, baada ya misa na chakula, aliazima mkuki kwa kaka yake, akasimama kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, akaikabili picha ya yule aliyekaa. Mtu mdogo, kanzu nyeupe, koti la kahawia lililopauka. Sauti ikabadilika, akaanza kwa salamu ya kifalme.

"Kasinge, waitu! Mimi ni Rutashobya. Mkono wangu hauulizi njia. Nimepeleka mpira nyumbani, wakapiga kelele, nikatazama chini, maana mama yangu hajapona. Watu wakishangilia, mimi nasikiliza kama anakohoa. Nitumeni mbele, sitawaaibisha!"

Wageni waliokuja mara ya kwanza walicheka. Hawakucheka mara ya pili. Nimewaona wazee waliochezea ngoma za wafalme wakifuta macho kwa ajili ya mama wa mtu wa Amerika.

Si wote waliokubali. Bukoba mjini palikuwa na fundi cherehani, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, rafiki mkubwa wa Katekista na mpinzani wake katika kila jambo. Tulikwenda kwake mimi na Katekista kushonesha kaptula za vijana. Walipomaliza kubishana kuhusu Nabii Isa, wakaanza kubishana kuhusu mpira.

"Katekista, ndugu yangu," fundi alisema, sindano mdomoni, "mtu humjui mpaka ule naye chumvi. Mimi nimemshonea shemeji yangu suruali miaka kumi na sijamjua. Wewe wamjua mtu wa Amerika kwa karatasi?"

"Karatasi haidanganyi kama shemeji."

"Haya. Akishuka mmoja wao bandarini hapa, akakwambia hao uwapendao hawako hivyo, wewe umejitungia watu wako mwenyewe, utafanya nini?"

Nilidhani Katekista atacheka. Hakucheka. Alikiangalia kitambaa cha kaptula muda mrefu.

"Nitabandua picha zote," alisema. "Nikimpenda mtu ambaye hayupo, nimemwibia yule aliyepo."

Fundi akatoa sindano mdomoni. "Maneno mazito hayo, sheikh wangu. Mimi nilikuwa natania."

"Mimi sitanii."

Nilijua kwamba jambo lile limemwingia, na kwamba kuanzia siku ile angekuwa anaogopa na kutamani kitu kilekile: mtu mmoja ashuke melini.

Mtu huyo alishuka.

Nilikuwa nimekwenda Bukoba kuchukua madaftari ya shule, na Padri alikuwa amekuja na lori kumpokea mgeni, mtoto wa dada yake, aliyekuja kusaidia kuezeka darasa jipya. Meli ilipofunga nikaona kichwa kikipita juu ya vichwa vyote. Alipokaribia nikaona uso. Nilikuwa nimeuona uso ule kila Krismasi na kila Pasaka. Nikasahau madaftari. Nikapiga goti palepale bandarini, mbele ya wachukuzi, kama tunavyowasalimu wakubwa kwetu.

Mgeni alishtuka, akaniinua. Kwenye lori tulikaa watatu mbele, yeye dirishani, magoti yake karibu na kidevu. Nikamuuliza kwa Kiingereza kama si yeye anayekaa kwenye picha. Akanitazama, akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Ndiyo, mimi," alisema. "Nilikaa sana."

Akanieleza. Katika mchezo wao wanacheza watano, wengine wanangoja. Yeye aliajiriwa awe mmoja wa wanaongoja. Misimu miwili. Aliingizwa mara chache, mchezo ukiwa umekwisha kuharibika au timu imekwisha kushindwa. "Unangoja jina lako," alisema. "Kocha akikuita unainuka haraka, unavua koti palepale kabla hajabadili mawazo. Nilikuwa nasikia jina langu hata nikiwa nimelala. Nikiamka, hakuna aliyeniita." Kisha wakamwachisha, na sasa anauza majokofu. Mama yake alikata kila ukurasa aliotokea, hata kama ni goti tu, akampelekea mjomba. Ndiyo maana hakuna picha aliyokosekana.

Akaniomba kitu kimoja. "Huko tuendako, tafadhali, usiwaambie kwamba nilikuwa mchezaji. Nimechoka kueleza."

Padri alikuwa akiendesha, macho barabarani. Akaniambia kwa Kiswahili, "Mwalimu, nilijua. Katekista aliponiambia kuhusu Omukama wao, nilicheka mpaka machozi. Halafu nikafikiri, mtoto huyu hakuna aliyewahi kumwita mfalme. Nikamwacha awe mfalme Kamachumu."

"Lakini Padri, amekuja!"

"Ndiyo," alisema. "Sikufikiri atakuja."

Tulifika. Katekista alikuwa uwanjani chini ya kikapu. Alimwona mtu akishuka kwenye lori, akikunjuka, akizidi kukunjuka. Hakukimbia, hakupiga kelele. Alivua kofia, akapiga goti kwenye vumbi, akasema kwa sauti ndogo, "Kasinge, waitu." Kisha akainuka na kwenda nyumbani haraka, na tukasikia akimwita mkewe atandike nyasi mpya.

Kesho yake mchana Padri aliitwa kwa mgonjwa, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Mgeni aliinama mpaka nusu kupita mlangoni. Mkewe Katekista alimletea kikapu kidogo cha buni za kutafuna, heshima ya mgeni, naye akaweka moja mdomoni kwa uangalifu mkubwa. Akakalishwa kwenye kiti chenye mikono. Alipoinua macho akaona ukuta wa kulia, akaacha kutafuna.

Katekista akachukua mkuki.

Sijawahi kumsikia akijigamba vile, kabla wala baadaye. Nilimnong'onezea mgeni kadiri nilivyoweza. Alimsemea Rutashobya na mama yake mgonjwa. Alimsemea Kashaija na kicheko chake. Alipofika kwa Mutalemwa aliinua mikono yote miwili na mkuki juu, na magoti yake mwenyewe, magoti ya mzee, yakawa yanatetemeka kwelikweli: "Nimechoka, waitu, lakini msiwaambie! Watazame mikono yangu!" Mgeni alikuwa amefunika uso kwa taulo la kunawia mikono. Nilidhani anacheka. Alipolishusha nikaona hacheki.

Katekista akachomeka mkuki kwenye nyasi, akapiga goti.

"Omukama," alisema, nami nikatafsiri, "nimewasemea watu wako miaka yote bila kuwaona. Uniambie nimekosea wapi."

Mgeni alinigeukia. "Mwambie," alisema, "mimi si mfalme. Mwambie nilikaa kwa sababu sikuhitajiwa."

Sikutaka kusema. Nilimtazama mkewe Katekista, naye alikuwa ananitazama mimi, kikapu mkononi. Lakini mzee yule hakuwahi kumdanganya mtu aliyekuja kwake kutafuta ukweli, na sasa yeye ndiye aliyekuwa akiutafuta. Nikamwambia kwa Kihaya, polepole, lote: watano wanaocheza, wengine wanaongoja, koti, jina lisiloitwa.

Katekista akainuka, akaenda ukutani, akaanza kubandua picha ya katikati kwa kucha. Ugali wa muhogo ulikuwa umekauka. Karatasi ikaanza kupasuka pembeni.

"Anafanya nini?" mgeni aliuliza.

Nikamweleza ahadi ya Bukoba. Kwamba akiambiwa amekosea atazibandua zote.

"Zote?" Mgeni alisimama, kichwa kikagonga boriti. "Mwambie aache! Amekosea kwangu tu. Hajaniuliza habari za wengine!"

Nikatafsiri. Kucha ikasimama. Katekista hakugeuka.

"Muulize," alisema akiwa ameutazama ukuta, "alipokuwa amekaa, alikuwa akitazama nini?"

"Wao. Kulikuwa na nini kingine cha kutazama?"

"Kila siku?"

"Kila siku. Misimu miwili."

"Na aliwapenda?"

Hapo mgeni aliutazama ukuta wa kulia. Nilidhani hajaelewa Kiingereza changu, nikataka kurudia. Akainua mkono kunizuia.

"Mwambie nilijaribu kuwachukia," alisema. "Walikuwa wamekalia nafasi yangu. Sikuweza. Walikuwa wazuri mno."

Nilipotafsiri maneno hayo, Katekista aligeuka, na uso wake siwezi kuueleza vizuri. Alikuwa ameishi miaka yote hiyo na watu waliomstahi, waliomcheka, waliolia kwa majigambo yake, lakini hakuwa na mwenzake. Aliiacha ile karatasi ikining'inia. Akaenda kwenye benchi la wageni lililokuwa ukutani, akakaa, akapigapiga nafasi iliyobaki kando yake. Mgeni akaacha kiti chenye mikono, akaenda kukaa.

"Haya," Katekista alisema, akionyesha picha moja. "Rutashobya. Mama yake?"

"Si mama. Mtoto wa kike. Alikuwa na homa ya kupooza. Alimpigia simu hospitalini kabla ya kila mchezo."

Katekista alifumba macho. "Nilijua kuna mgonjwa," alisema taratibu. "Sikujua kwamba ni mtoto. Na Mutalemwa?"

"Magoti yalikuwa yamekwisha. Walimfunga bandeji chumbani, akatuapisha tusiseme." Mgeni akamtazama mzee yule. "Wewe umeonaje?"

"Soksi," Katekista alisema.

Kuhusu Kashaija alikuwa amekosea: mtu yule, kumbe, alicheka kwa hofu, na nje ya uwanja hakusema neno. Katekista aliomba radhi kwa picha yake palepale. Kisha akauliza habari za Mtu wa Viwiko, kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza jambo lisilopendeza.

Mgeni akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Yule aliniumiza mbavu kwenye mazoezi. Lakini siku waliyoniachisha kazi, wengine waliniaga mlangoni. Yeye alibeba sanduku langu mpaka stesheni, akakaa nami hadi treni ilipofika. Hakusema kitu. Alikaa tu."

Katekista aliinuka, akatafuta penseli, akachora duara dogo kwenye shingo ile nene.

"Medali," alisema. "Jina bado."

Mgeni aliuliza, nusu kwa mzaha, kama naye anaweza kupata jina. Katekista akamtazama kama alivyowatazama wale matajiri wa kahawa.

"Jina halitolewi siku ya kwanza. Kaa kwanza nikutazame."

Akakaa miezi miwili. Alipandisha mabati bila ngazi. Alicheza na vijana chini ya pete ya pipa, na alipokosa aliufuata mpira kwenye migomba kama wote, na Katekista alikuwa pale akimtazama anavyopanda. Jioni walikaa kwenye benchi wawili, na kwa kuwa mimi sikuweza kuwepo kila siku, walijifunza kuzungumza kwa mikono, kila mmoja akiigiza watu wale. Mkewe Katekista alisema sasa ana watoto wawili wazee, ila mmoja angalau anachota maji.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza Bukoba. Fundi cherehani naye alikuja bandarini, utepe wake wa kupimia shingoni, na swali lake lilikuwa tayari.

"Vipi, Katekista, umebandua?"

"Moja tu. Nimeihamishia juu ya benchi langu."

Fundi alimtazama mgeni kutoka chini mpaka juu, ilimchukua muda. "Basi huyo nilimkosea, nilidhani atakukanusha," alisema. "Nami sina kitambaa cha kumtosha."

Kengele ya kwanza ilipolia, Katekista alimshika mgeni mkono. Akamwambia jina, mara moja, kisha akaniambia nimweleze. Mujulizi. Shahidi, yule aliyekuwepo akaona kwa macho yake. Kanisani tunawaita hivyo wafiadini, na Katekista hakuwahi kulitoa kwa mtu wa kijiji chetu. Mgeni alilisema, akalikosea, akalisema tena mpaka likakaa. Kisha akapanda.

Meli ilianza kusogea. Tulimwona juu, amejikunja kwenye benchi kati ya magunia na abiria, koti mabegani, mikono magotini, kama kwenye picha. Hakuwa anatutazama. Katekista alikwenda mpaka ukingoni kabisa mwa gati, akaweka mikono mdomoni, na kwa sauti ile ya mkuki akaita:

"Mujulizi!"

Akainuka mara moja, akavua koti.